Kuhama Simu Bila Kuhama na Kunguni

Aliyewahi kupanga chumba Manzese au Magomeni anakijua kisa hiki. Unahama nyumba yenye kunguni, unalipa kodi ya miezi sita, unaingia kwenye chumba kilichopakwa rangi jana, na wiki mbili baadaye unaamka usiku unajikuna. Unamlaumu mwenye nyumba, na mwenye nyumba hana kosa. Kunguni walikuja ndani ya godoro lako. Ulilipakia mwenyewe kwenye guta na ukamsihi mwenye guta alifunike vizuri lisilowe.

Ndivyo tunavyohama simu. Nimetumia Android miaka kumi na mmoja, simu nne zikipokezana, na mwaka jana nikahamia iPhone. Kila niliyemwambia aliniuliza maswali yaleyale mawili: kamera ikoje, na picha za zamani zitahamaje. Picha zitahama, hilo lisikunyime usingizi. Ningefurahi kuulizwa kuhusu godoro. Nilihesabu programu zangu kabla ya kuhama, zikawa 61, na 19 kati ya hizo zilikuwa na ruhusa ya kusoma majina na namba zote zilizomo kwenye simu. Mojawapo ilikuwa kikokotoo. Kikokotoo kinataka namba ya shemeji yangu kijumlishe nini?

Mwongozo huu ni wa mtu aliyekaa muda mrefu kwenye simu za aina moja na sasa anahamia nyingine, awe anatoka Android kwenda iPhone au anarudi upande wa pili. Unaanza kabla hujagusa simu mpya.

Fungua simu ya zamani, nenda Mipangilio, ingia sehemu ya faragha, utafute kidhibiti cha ruhusa. Hapo utaona nani anajua ulipo, nani anaweza kuwasha kipaza sauti, nani anasoma meseji zako, nani ana orodha ya majina. Kaa chini kabla ya kusoma. Kama wewe ni mkongwe wa Android, sehemu ya uchafu huo ina umri mrefu. Hadi toleo la 6 lilipotoka mwaka 2015, programu ilikuwekea madai yake yote mezani siku ya kuipakua, nawe ulikubali yote kwa mkupuo au ukaikosa. Hapakuwa na kuchagua. Tulikubali, kwa sababu tulitaka tochi.

Na hiyo tochi ni kisa cha kweli. Mwaka 2013 Tume ya Biashara ya Marekani iliibana kampuni iliyotengeneza programu ya tochi iitwayo Brightest Flashlight, iliyokuwa imepakuliwa na mamilioni ya watu. Kazi yake ilikuwa kuwasha taa. Huku ikiwasha taa, ilikuwa ikizipelekea kampuni za matangazo mahali alipo mtumiaji pamoja na namba ya utambulisho wa simu yake. Jirani akikuazima kibatari, kisha kila jioni akaandika kwenye daftari umetembea nacho hadi wapi na akaliuza daftari hilo sokoni, utaacha kumsalimia. Programu ya tochi tuliipa nyota tano.

Kwa hiyo futa. Usichague za kufuta, chagua za kubakiza. Benki, WhatsApp, ramani, ile ya kununulia umeme, labda na nyingine tano. Programu ambayo hujaifungua tangu sikukuu mbili zilizopita haina haki ya kupanda guta.

Hapa ndipo watu wananiambia, "Mimi sina cha kuficha." Wanalisema kwa kifua mbele, kama mtu anayeonyesha cheti cha tabia njema. Nalijibu kila mara kwa kisa cha shangazi yangu.

Shangazi anaishi Tanga, ni mwalimu mstaafu, na hajawahi kukopa hata kwenye kikoba bila kurudisha kabla ya siku. Asubuhi moja alipata meseji kutoka namba asiyoijua. Ilimtaja mtu kwa jina, ikamwita tapeli, ikamtaka shangazi amwambie alipe deni lake leo, la sivyo na yeye atahesabiwa mshirika wa wizi. Kabla ya adhuhuri walikuwa wamempigia mara sita. Alinipigia sauti ikitetemeka: "Mwanangu, mimi nimemdhamini nani?" Hakumdhamini mtu. Tulikaa kwenye simu nusu saa tukichimba, mpaka tukagundua aliyetajwa ni fundi bomba aliyemtengenezea bomba la uani miaka miwili nyuma. Fundi alihifadhi namba ya shangazi kama za wateja wengine wote. Siku mambo yalipomwendea kombo, akakopa kwenye mojawapo ya zile programu za mikopo, zile zenye mikopo tunayoiita kausha damu. Programu ilimwomba ruhusa ya kusoma majina, akabonyeza "ruhusu", na shangazi yangu akauzwa pamoja na bomba lake.

Nilikasirika, na bado nina hasira. Hakuna sahihi ya shangazi mahali popote. Hakusoma masharti yoyote. Hana hata hiyo programu. Usiri wake ulikuwa mikononi mwa mtu mwingine, na mtu huyo hakujua ameubeba.

Wazee wetu wana neno la kitu cha mwenzio kilichowekwa kwako ukitunze: amana. Orodha ya majina kwenye simu yako ni amana tupu. Humo kuna daktari wako, mwalimu wa mtoto, mama wa kicheni pati, dada aliyekupa namba yake mpya kwa sababu anamkimbia mume anayempiga. Unaposema huna cha kuficha, unazungumza kwa niaba yako peke yako. Hao wengine mia nane hujawauliza.

Na sheria iko upande wa shangazi. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, ibara ya 16, inalinda faragha ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ipo Tume ya kupokea malalamiko. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja na kupiga marufuku majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Majirani zetu Kenya walitangulia na sheria yao ya mwaka 2019. Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data wa huko aliitoza kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za mikopo za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000 za Kenya, kwa kuzitumia namba za watu zilizopatikana kupitia wengine kuwapigia na kuwatumia meseji za vitisho. Hata Google ilistuka: kuanzia tarehe 31 Mei 2023 ilizikataza programu za mikopo binafsi kwenye duka lake kugusa majina na picha za mtumiaji. Lakini marufuku ya dukani haimfikii anayepakua programu kwa kiungo alichotumiwa kwenye WhatsApp na mtu anayeahidi laki mbili ndani ya dakika tano. Usipakue programu kwa kiungo. Sina namna ya kulipamba hilo.

Sasa simu mpya. Wapo wanaodhani ukishika iPhone umeingia ubalozini, polisi wa matangazo hawakugusi. Tuwe wakweli. Apple ilifanya jambo zuri Aprili 2021, ilipolazimisha kila programu iombe ruhusa kwanza kabla ya kukufuatilia kwenye programu na tovuti za wengine. Ukiombwa, kataa. Kataa kila mara, hata kama programu inajieleza kwa huzuni kwamba matangazo ndiyo yanayoilisha. Na toleo la 18, la Septemba 2024, lilileta kitu ambacho ningekilipia peke yake: programu ikiomba majina, unaweza kuipa majina machache unayochagua badala ya orodha nzima. Mimi huipa jina moja, langu mwenyewe.

Lakini mwaka 2019 ilijulikana kwamba vibarua wa Apple walikuwa wakisikiliza vipande vya sauti vilivyonaswa na Siri, vingine vikiwa vimenaswa bila mtu kuiita. Apple iliomba radhi, na Januari 2025 ikajulikana kwamba imekubali kulipa dola milioni 95 kuimaliza kesi, ingawa ilikana kosa. Na kivinjari chake, kile chenye jina letu, Safari, kinapotafuta kitu kinakwenda kwa Google, kwa sababu Google inailipa Apple ili iwe hivyo. Nyaraka za mahakama ya Marekani zilionyesha malipo ya mwaka 2022 yalifika dola bilioni 20. Hakuna anayelipa bilioni 20 kwa kitu kisicho na faida. Unaweza kubadili injini hiyo ya kutafutia kwenye mipangilio ya Safari kwa kugusa mara mbili tatu. Fanya hivyo siku ya kwanza.

Google nayo ina rekodi yake. Mwaka 2018 waandishi wa shirika la habari la AP walionyesha kwamba hata ukizima historia ya mahali, bado Google iliendelea kuandika ulipo kupitia kitufe kingine, kile cha shughuli za wavuti na programu. Novemba 2022 ilikubali kuyalipa majimbo 40 ya Marekani dola milioni 391.5 kwa ajili ya hilo. Ukihamia iPhone, akaunti yako ya Google inahama nawe ndani ya Gmail, YouTube na ramani. Ingia humo uzime vitufe vyote viwili, kisha uweke historia ijifute yenyewe kila miezi mitatu. Anayebaki Android afute pia namba ya utambulisho wa matangazo. Ipo kwenye mipangilio ya matangazo, na kuifuta hakuvunji kitu.

Hadi hapa tumezungumzia kampuni za mbali. Hatari ya karibu zaidi niliikuta Kariakoo.

Wengi wetu hatununui iPhone mpya ya boksi. Tunanunua iliyotumika, kwenye duka lenye upana wa kabati, kutoka kwa kijana mchangamfu anayekuita "bosi". Ukimaliza kulipa, kijana anasema, "Ngoja nikufungulie akaunti chapchap, bosi, uondoke nayo ikiwa tayari." Ni ukarimu wa kweli, na ndio mtego mkubwa kuliko yote niliyoitaja. Anafungua akaunti ya Apple kwa barua pepe aliyoitunga yeye, kwa neno la siri analolijua yeye, mara nyingi neno lilelile alilompa mteja wa jana. Kuanzia dakika hiyo picha zako, majina yako na nakala ya simu yako vinaingia kwenye nyumba ambayo ufunguo wake wa akiba uko Kariakoo. Simu ikiibwa, huwezi kuifunga. Ukigombana naye, anaweza kukufungia yeye. Nilimshukuru kijana wangu, nikamwambia nitaifungua mwenyewe nyumbani. Alinitazama kama mtu aliyekataa maji ya kunywa.

Kabla hujaondoka dukani, mtake aifute simu mbele yako na kuiwasha mpaka ifike kwenye ukurasa wa salamu, ule wa mwanzo kabisa. Ikiomba akaunti ya mmiliki wa zamani, irudishe kaunta: hiyo imefungwa, na tangu mwaka 2013 Apple ilipoleta kufuli hilo hakuna fundi wa uaminifu anayelivunja. Bonyeza *#06#, upate namba ya IMEI, uilinganishe na iliyoandikwa kwenye risiti. Taka risiti. Tanzania ilizima simu bandia usiku wa tarehe 16 Juni 2016, na waliolia siku ile ndio wasiokuwa na mtu wa kumrudia.

Kuna sababu nyingine ya kukataa msaada wa dukani. Programu ya Apple ya kuhamisha vitu kutoka Android, Move to iOS, hufanya kazi wakati iPhone bado iko kwenye hatua za mwanzo za kuwashwa. Kijana akikumalizia hatua hizo, umeupita mlango, na itabidi uifute simu upya. WhatsApp yako, pamoja na miaka yote ya meseji, nayo hupita mlango huohuo tangu mwaka 2022. Namba ya simu lazima iwe ileile, na simu zote mbili zikae kwenye chaji na kwenye Wi-Fi moja. Tenga jioni nzima. Programu itakuuliza uhamishe nini: weka alama kwenye majina, picha, meseji na WhatsApp. Ikikupendekezea kukurudishia programu zako za bure, kataa, uzipakue upya moja moja kwa mkono wako, na kila moja ikiomba ruhusa uisome. Hapo ndipo kunguni wanapobaki nje.

M-Pesa, Airtel Money na wenzao usiwahofie. Fedha ziko kwenye laini, na laini ikihama zinahama nayo. Menyu ya kubonyeza inafanya kazi kwenye simu yoyote. Ila kwa kuwa uko kwenye usafi, bonyeza *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Ukikuta usiyoijua, nenda ikafutwe.

Turudi WhatsApp, maana ndiko tunakoishi. Fungua sehemu ya vifaa vilivyounganishwa. Huenda ukakuta kompyuta ya steshenari uliyochapia barua ya maombi ya kazi mwaka juzi, bado imeunganishwa na mazungumzo yako, na kijana wa steshenari ameshabadilika mara tatu. Iondoe. Weka namba ya siri ya tarakimu sita ya uthibitisho wa hatua mbili, ili anayeiba laini yako asiibe na WhatsApp. Kisha fahamu kwamba meseji zinazosafiri zimefungwa kwa usimbaji fiche tangu mwaka 2016, lakini nakala inayohifadhiwa Google Drive au iCloud haikufungwa hivyo mpaka wewe uwashe. Kitufe kipo tangu mwaka 2021, kwenye mipangilio ya nakala ya mazungumzo. Utachagua nywila au ufunguo wa tarakimu 64. Ukiipoteza nywila hiyo hata WhatsApp yenyewe haiwezi kukufungulia, kwa hiyo iandike kwenye karatasi, karatasi ikae na vyeti vyako vya shule. Na ile nakala ya zamani iliyoko Google Drive haifi siku unayohama. Ingia uifute.

Imebaki simu ya zamani. Wengi humpa mdogo wao au huiuza palepale kwa aliyewauzia mpya, wakiwa wamefuta picha kwa kidole moja baada ya nyingine. Kidole hakifuti kitu. Fundi mwenye programu ya kurejesha picha huzirudisha nyingi kabla chai haijapoa. Chomoa memori kadi kwanza, usimpe mtu. Toa akaunti ya Google kwenye mipangilio, la sivyo simu inaweza kumfungia aliyeipokea, naye atakupigia umpe neno lako la siri, na kwa huruma utampa. Kisha irudishe ilivyotoka kiwandani. Simu zilizotoka kiwandani na Android 10 kuendelea, yaani tangu mwaka 2019, zote zilitakiwa ziwe na usimbaji fiche, na kuzirudisha zilivyotoka kiwandani kunafuta ufunguo, hivyo kilichobaki hakisomeki. Iliyo ya zamani zaidi, washa usimbaji kwenye mipangilio ya usalama kabla ya kuifuta. Lakini usiifute simu yoyote mpaka uwe umeingia kwenye benki yako, barua pepe yako na kila kitu kinachotuma namba za uhakiki, ukiwa na simu mpya mkononi. Mimi nilisubiri wiki mbili.

Na shangazi? Alinishirikisha ile meseji ya vitisho, tukawasilisha malalamiko, na simu zikakoma. Fundi bomba alikwenda mwenyewe kumwomba radhi, akiwa na aibu iliyoniuma hata mimi, kwa sababu hakuwa na nia mbaya. Alibonyeza kitufe akiwa na shida.

Kama hununui simu mpya mwaka huu, bado fanya hatua ya kwanza. Leo usiku, kabla hujaiweka simu kwenye chaji, fungua Mipangilio, uingie sehemu ya faragha, uangalie ni programu zipi zinazosoma majina yako, na uzifungie zote isipokuwa zile unazoweza kueleza kwa sauti zinayatumia kwa kazi gani. Namba ya shangazi yako imo humo.